Mlangoni wamebandika "Nzuri", chumbani kengele ya bibi imetundikwa asikofika

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, hata viatu sijavua, na nisipoandika nitapasuka. Uzi mrefu, mwenye haraka apite.

Nafanya kazi ya kulea wazee hapa Uingereza, mwaka wa tatu huu. Nyumba siitaji, mji siutaji, maana viza yangu imeshikiliwa na mwajiri huyohuyo ninayekuja kumsema. Ukiingia tu mapokezi unakutana na tangazo ndani ya fremu: nyumba hii imekaguliwa, imepata daraja "Nzuri". Tangu 2015 kanuni zinawalazimu kulibandika mahali linapoonekana. Ndugu wakija kumtafutia mama yao nafasi husimama pale, wanasoma, mabega yanashuka, wameshaamua. Hakuna anayeangalia tarehe. Daraja lenyewe ni la kabla ya korona! Meneja aliyekuwepo siku hiyo alishaondoka, wahudumu karibu wote walishaondoka, na nina hakika wengi wa wazee waliohojiwa wako makaburini. Mimi tangu nianze kazi hapa sijamwona mkaguzi wa serikali hata kwa dawa.

Wanaopaswa kukagua ni Care Quality Commission, CQC, chombo kilichoanza kazi 2009. Maswali yao ni matano: mzee yuko salama? Huduma inamsaidia kweli? Wahudumu wana utu? Mahitaji yake yeye kama yeye yanasikilizwa? Uongozi umenyooka? Halafu wanatoa daraja moja kati ya manne, kuanzia bora kabisa hadi isiyofaa. Maswali mazuri tu, sina ugomvi nayo. Ila 2024 serikali ilimpa Dk. Penny Dash kazi ya kuwachunguza wakaguzi wenyewe, na ripoti yake ya awali ya Julai mwaka huo ikakuta kituo kimoja kati ya kila vitano wanavyotakiwa kukagua hakijawahi kupewa daraja kabisa. Waziri wa Afya, Wes Streeting, akatamka hadharani kwamba chombo hicho hakifai kwa kazi yake. Nilidhani baada ya hapo moto utawaka. Fremu yetu iko palepale, mtu wa usafi anaifuta vumbi kila Jumatatu.

Sasa njooni usiku.

Wazee 38, ghorofa mbili, sisi watatu, na mmoja wetu ndiye anayeshika dawa. Wazee 14 hawawezi kujigeuza kitandani. Mpango wao unasema wageuzwe kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya kulalia. Kumgeuza mtu ni kazi ya watu wawili. Ukifanya kwa heshima, ukamsemesha, ukambadilisha pampasi, ukamweka mto katikati ya magoti, dakika kumi hizo. Zidisha wenyewe: 14 mara kumi ni dakika 140, yaani saa mbili zimeshapita na kengele hata moja haijalia, hakuna aliyeanguka, hakuna aliyetapika. Haiwezekani. Lakini nendeni mkaangalie chati: saa nne kageuzwa, saa sita kageuzwa, saa nane, saa kumi. Imejaa, imenyooka, inapendeza. Imejazwa yote saa kumi na moja alfajiri, kalamu moja, mwandiko mmoja. Na mimi nimo, sijitoi. Nimesaini chati hizo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Ukiuliza kwa nini tuko watatu, unaambiwa sheria haijavunjwa. Kweli, sheria ya England inataka wahudumu wawe wa kutosha, ila kutosha ni wangapi haisemi.

Kilichonichefua ni cha jana. Kuna bibi mmoja wa miaka 91, alikuwa mwalimu, hadi leo ukikosea kutamka neno anakurekebisha. Naingia chumbani kwake saa tisa usiku, namkuta macho makavu. Kamba ya kengele imezungushwa mara tatu kwenye taa ya ukutani, juu kabisa. Mtu kaifunga makusudi kwa sababu bibi "anabonyeza sana". Kikombe chake cha maji, kile chenye mdomo, kiko kwenye meza miguuni pa kitanda, kimejaa hadi juu, wala hakijaguswa. Midomo imepasuka. Nafungua chati yake ya vinywaji: tangu asubuhi kanywa mililita 1,450. Nani kanywa? Ukuta?

Nikamfunua miguu. Kisigino cha kushoto chekundu. Nikabonyeza kwa kidole gumba, nikaachia, ule wekundu ukabaki vilevile. Waliosoma kazi hii wanajua maana yake: ngozi ikibonyezwa isipobadilika, kidonda cha kulalia kimeshaanza. (Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu huo hauonekani hivyo, inabidi upapase joto na ugumu, na hilo nalo ni wachache wanaofundishwa vizuri.) Bibi akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nimekusumbua, mwanangu?" Wazungu hawasemi mwanangu, alisema neno lao, lakini mimi nililisikia hivyo.

Nikampa maji. Kanywa kikombe kizima bila kupumzika.

Hapa kodi za wananchi zinalipa, na familia zinalipa. Mtu mwenye akiba au mali ya zaidi ya paundi 23,250 anajigharimia mwenyewe, na kwetu ni zaidi ya paundi elfu moja kwa wiki. Kuna mzee pale nyumba yake imeuzwa ili alipie kitanda ambacho kengele yake haifikiki.

Miezi michache nyuma walikuja watu wa halmashauri kuangalia ubora, kwa kuwa nao wanalipia baadhi ya vitanda. Wiki nzima kabla yake tulikuwa tunajaza mafaili. Siku yenyewe tukawa wahudumu wengi mpaka tunagongana kwenye korido, sura nyingine sijawahi kuziona tena. Wageni wakakaa ofisini, wakaletewa chai, wakapekua chati, wakasifu kwamba hazina mapengo. Chati isiyo na pengo hata moja kwa mwezi mzima, na wewe mtu mzima hushtuki?

Na kitu kinachoniuma zaidi ni hiki: mashine yetu ya kengele inatunza kumbukumbu. Chumba gani kiliita, saa ngapi, baada ya dakika ngapi mtu alifika. Yote imo, inachapishwa kwa kubonyeza kitufe. Ile haimwonei huruma meneja wala haiogopi kufukuzwa kazi. Sijawahi kusikia hata mkaguzi mmoja akiiomba. Na chumba ambacho hakijaita wiki nzima ndicho cha kukimbilia kwanza, kaangalie kamba iko wapi.

Najua mtauliza mbona siripoti. Nikifukuzwa, siku 60 nimtafute mwajiri mwingine mwenye leseni ya kudhamini viza, au nirudi Dar na madeni ya ajenti. Wenzangu wengi waliingia kuanzia 2022 mlango ulipofunguliwa kwa kazi hii, na tangu Julai 2025 umefungwa kwa wapya wanaotoka nje. Wenye nyumba wanalijua hilo vizuri sana. Mtu anayeogopa barua ya uhamiaji husaini chochote.

Na wale mnaojiandaa kuandika "ndiyo maana sisi hatutupi wazazi wetu", tulieni kidogo. Bibi yangu mzaa mama alilala Muheza miezi saba na kidonda kiunoni kinachoingia ngumi, ndani ya nyumba iliyojaa wajukuu, na sisi wa mbali tunatuma hela kwenye simu tukijiona watoto wema. Hakuna aliyejua kumgeuza. Kwetu hata chati ya kudanganyia haikuwepo.

Kisigino nimekipiga picha kwa simu ya kazi, nimeandika ripoti yenye saa na jina langu, na nimeandika pia kamba niliikuta wapi. Meneja kanijibu kwa ujumbe mmoja: "Tutaongea kesho." Aliyewahi kupeleka malalamiko CQC akiwa bado na viza ya mwajiri aje aniambie kilimpata nini, hata inboksi. Naingia tena saa mbili usiku.