Polisi jamii: fedha ziende kwenye mikutano ya mtaa au kwenye kaunta ya kituo?

Mtoa mada (Mwanza)

Wakuu, hoja yangu itawaudhi baadhi yenu, hasa wenyeviti wa mitaa na ndugu zetu wa ulinzi shirikishi, lakini naileta hivyo hivyo. Fedha zinazokwenda kwenye mikutano ya polisi jamii, semina, fulana na mabonanza ya kupinga uhalifu zihamie kaunta ya kituo na chumba cha wapelelezi. Mikutano iwepo, sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni kuifanya ndiyo kazi yenyewe.

Tanzania tulianza kuhubiriwa polisi jamii mwaka 2006, IGP, yaani mkuu wa Jeshi la Polisi, akiwa Said Mwema. Wakenya wakaja na Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda usalama wao, baada ya magaidi kushambulia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013; wakaazima muundo wa mabalozi wetu wa nyumba kumi wa enzi za TANU. Kote wazo ni lile lile: askari akizoeana na raia ataaminiwa, akiaminiwa atapewa taarifa, akipewa taarifa uhalifu utapungua. Ukilisikiliza unalikubali hata kabla halijamalizika kuelezwa.

Bahati mbaya kwa wahubiri, kuna watu walikwenda kulipima. Watafiti walishirikiana na polisi wa nchi sita: Brazil, Kolombia, Liberia, Pakistan, Ufilipino na jirani zetu Uganda. Maeneo yakagawanywa kwa bahati nasibu. Mengine yakapata polisi jamii ya nguvu, yaani mikutano, doria za miguu na askari kupita nyumba kwa nyumba, na mengine yakaachwa kama yalivyokuwa. Kisha wakahoji raia 18,382 na askari 874. Matokeo yalitoka katika jarida la Science Novemba 2021: imani ya raia kwa polisi haikupanda, raia hawakuanza kushirikiana nao zaidi, uhalifu haukushuka. Ingekuwa nchi moja tungesema walikosea kutekeleza. Hizi ni sita, na kila moja ilipewa nafasi ya kurekebisha mpango kwa mazingira yake.

Waandishi walitaja vikwazo vitatu. Wakubwa wa polisi hawakuupa mpango kipaumbele. Askari na makamanda walihamishwa kila mara. Na vituo havikuwa na uwezo wa kufuatilia yale ambayo raia waliyasema. Viwili vya kwanza tunavijua, sina haja ya kuvichambua. Hicho cha tatu ndicho kilichonifanya nifungue mada.

Mkutano wa polisi jamii ni ahadi. Mama lishe anasimama mbele ya watu na kusema pale nyuma ya stendi kuna vijana wanakaba watu alfajiri. Afande anaandika, watu wanapiga makofi. Baada ya hapo gari halina mafuta, mpelelezi ana rundo la majalada, na mkaguzi kata aliyeandika amepata uhamisho. Vijana wako pale pale, tofauti ni kwamba sasa wanajua aliyewataja ni nani. Mkutano unaofuata yule mama haji, na akija atakaa kimya. Mimi namwona ana akili kuliko sisi tunaosema wananchi hawatoi ushirikiano.

Sasa tazameni utafiti mwingine. India, jimbo la Madhya Pradesh, vituo 180 vya polisi. Baadhi vilipewa dawati maalumu la wanawake: sehemu ya faragha ya kusikilizwa, askari waliofundishwa na utaratibu wa kuandikisha kesi. Matokeo yake, katika Science mwaka 2022, ni kwamba vituo vyenye dawati viliandikisha kesi nyingi zaidi za ukatili dhidi ya wanawake, hasa pale dawati lilipoendeshwa na askari wa kike. Kilichobadilishwa ni kile kinachomkuta mtu akishaingia kituoni. Sisi tuna Dawati la Jinsia na Watoto, jambo jema kabisa. Je, lenu linafunguliwa saa nane usiku, wakati mwanamke anakimbia nyumba na mtoto mgongoni? Au anaambiwa arudi asubuhi achukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali?

Karibuni, ila tusitukane askari. Tushambulie hoja.

Mchangiaji (Kahama)

Mtoa mada, umeruka Sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanakijiji wenyewe, na ukiiruka hujaielewa mada yako. Huku Usukumani na Unyamwezini mwaka 1982 polisi walikuwepo kwa jina tu, wezi wa ng'ombe wakawa na bunduki. Wananchi ndio walijipanga. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, wanaume wa kijiji wanatoka na pinde, wanafuata nyayo, kijiji kinachofuata kinapokea, hadi ng'ombe wapatikane. Serikali ilikuja baadaye kabisa, mwaka 1989, ikawatambua kisheria. Hapo kaunta ilikuwa wapi? Jamii inaweza. Kinachoua polisi jamii ni kuletewa kutoka juu.

Mtoa mada

Mkuu wa Kahama, umenisaidia bila kutaka. Sungusungu waliaminiwa kwa sababu ng'ombe walirudi. Wasingerudi, ule mwano wangeitikia mara mbili tu. Ila tuseme na upande wa pili: Sungusungu hao hao walicharaza watu viboko bila ushahidi, na vikongwe waliosingiziwa uchawi hawakuwa na pa kukata rufaa. Ndiyo maana nataka kazi hiyo ifanywe na kituo chenye jalada na mahakama nyuma yake.

Mchangiaji (Nakuru)

Ndugu yangu wa Mwanza, mimi siko kwa mkutano wala kwa kaunta. Huku kwetu ukienda kuripoti utaandikiwa OB, namba ya kitabu cha matukio, utaambiwa gari halina mafuta, mchango wako utahitajika. Hayo tumezoea. Lakini kuna woga mkubwa kuliko huo.

Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda, alipigwa risasi na afisa wa polisi akapeleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kusimamia polisi. Alifanya vile tu tunavyoambiwa tufanye. Juni 2016 yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa wakitoka kortini Mavoko, wakauawa. Hatia ilipatikana Julai 2022, maafisa watatu wa polisi na mpashaji habari wao. Miaka sita! Na hiyo ndiyo kesi tunayoihesabu kama ushindi. Kwa hivyo ukinipatia kaunta yenye viyoyozi na kompyuta, bado nitauliza: nikimshtaki huyo aliye nyuma ya kaunta, nani ananilinda? Pande za Kwale nako wazee wa Nyumba Kumi waliuawa kwa kushukiwa wanapeana habari. Anayezungumza anakufa kutoka pande zote mbili.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 244, inataka polisi wakuze uhusiano na jamii. Juni 2024 vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, uhusiano huo uliletwa na risasi.

Mchangiaji (Kasese)

Waganda tumo kwenye huo utafiti, basi niseme kidogo. Kabla ya uchaguzi wa 2016, Kale Kayihura akiwa IGP, waliandikishwa vijana wengi sana wakaitwa crime preventers. Jina lilikuwa la kuzuia uhalifu. Human Rights Watch na wengine walitaka kikundi kisimamishwe kwa sababu kilikuwa kinatumika kisiasa. Baada ya hapo afande akiita mkutano wa usalama kijijini, watu wanajiuliza kwanza uchaguzi uko lini. Sijui kama hilo dodoso la watafiti liliweza kulishika.

Mchangiaji (askari mstaafu)

Nimesoma yote kwa utulivu. Nilivaa magwanda hayo, kituo nilichofanya kazi nakihifadhi.

Bwana mtoa mada, kaunta unayoitaka ina askari wawili usiku: mmoja anaandika, mwingine ana funguo za mahabusu. Akija majeruhi, akija mlevi, akija mama na mtoto, ni hao hao wawili. Na mikutano usiibeze. Bila mkutano mimi nisingejua hata njia za mtaa ule, kwa sababu nilihamishiwa pale nisimjue mtu. Kosa ni kwamba kamanda alikuwa akiniuliza umefanya mikutano mingapi mwezi huu. Hakuniuliza hata siku moja umemaliza malalamiko mangapi. Askari anafanya kile anachoulizwa.

Na taarifa za siri hazitolewi mkutanoni. Mwenye akili anakuja kukusalimia baadaye, au anakupigia. Anayezisema hadharani amesukumwa na hasira.

Mchangiaji (Dar)

Nyie wote mnajadili imani kana kwamba Oktoba 2025 haikupita hapa. Watu walikufa siku za uchaguzi, Dar tukawekewa amri ya kutotembea usiku, intaneti ikazimwa. Kabla ya hapo Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman ilishakabidhi ripoti yake Ikulu Julai 2023, ikitaka Jeshi la Polisi lisukwe upya. Anzeni hapo. Mimi binafsi ninachotaka mtaani ni doria tu, na kamera kifuani kwa kila askari.

Mtoa mada

Mkuu wa Dar, la Oktoba sikulikwepa kwa kulidharau. Kaunta haiwezi kuponya jambo la ukubwa huo, na siwezi kujifanya inaweza.

Kwenye kamera nikupe angalizo. Washington, mji mkuu wa Marekani, walifanya jaribio kwa askari 2,224, baadhi wakavaa kamera na wengine la. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2017 hakukuwa na tofauti ya maana katika matumizi ya nguvu wala katika malalamiko ya raia. Kamera ni ushahidi kama kuna mtu atakayeutazama na kuchukua hatua. Bila huyo, tumenunua betri.

Doria ni ngumu zaidi. Kansas City, huko huko Marekani, mwaka 1972 hadi 1973, waligawa maeneo 15 katika makundi matatu: moja likaondolewa doria za kawaida, moja likabaki vile vile, moja likaongezewa mara mbili hadi tatu. Uhalifu haukutofautiana, na wakazi hata hawakugundua kilichobadilika. Lakini vijijini Liberia, utafiti wa 2019 uliona doria zikipunguza mapigano madogo na ukatili wa majumbani, na watu wakaijua sheria zaidi. Nadhani tofauti ni kwamba Kansas City gari la polisi lilikuwa jambo la kila siku, na kule kijijini askari alikuwa mgeni. Kilichonivutia ni kwamba hata huko Liberia imani kwa polisi haikupanda. Watu walipata nafuu bila kuwapenda. Ndiyo maana naona tunakosea kuifanya imani kuwa shabaha ya kwanza.

Kwa hoja ya mstaafu, napendekeza hivi: kila kituo kibandike ukutani kila mwezi RB ngapi, yaani taarifa za makosa zilizoandikishwa kituoni, zimefunguliwa, ngapi zimepata mpelelezi, ngapi zimefika mahakamani. Tuwaulize hilo badala ya idadi ya mikutano.

Mchangiaji (askari mstaafu)

Ukibandika namba hizo, nakuambia leo kitakachotokea. OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, atawaita vijana wa kaunta awaambie wasifungue RB kwa kesi ambayo haitafika mahakamani. Simu iliyoibwa itaandikwa imepotea. New York wana mfumo wa takwimu tangu 1994, CompStat, na huko pia walituhumiwa kushusha uzito wa makosa ili namba zipendeze.

Mtoa mada

Basi asihesabu polisi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu iende majumbani iulize: umeibiwa, umepigwa, uliripoti, ulifanyiwa nini? Namba zao zilinganishwe na za kituo. Palipo na pengo kubwa ndipo RB zinapokataliwa. Mstaafu, hiyo nayo wataichezea vipi?

Mchangiaji (Nakuru)

Wakija kwangu na karani wa takwimu akifuatana na chifu, nitasema sijawahi kuibiwa.