Tupeane uzoefu: namna mwalimu anavyoongea na watoto wa awali na darasa la kwanza

Mleta mada: Ndugu zangu, naomba tusimuliane tuliyoyaona wenyewe. Mwanangu alipoingia darasa la kwanza aliimba silabi zote, ba, be, bi, bo, bu, bila kukosea, nami nikatulia nikiamini kwamba anasoma. Jioni moja nilifunika mstari kwa kiganja nikaacha "bo" peke yake. Akanitazama, kisha akaanza upya kuimba kutoka "ba" mpaka akaifikia. Nilipokwenda shuleni nilikuta mwalimu akisoma ubaoni na watoto wakiitikia, na kila alipouliza "Tumeelewa?" darasa zima lilijibu "Ndiyo, mwalimu!", mwanangu akiwa miongoni mwa waliopaza sauti zaidi.

Mwalimu wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu): Naomba tusilaumiwe kabla ya kusikilizwa. Tangu elimu bila malipo ianze hapa Tanzania mwaka 2016, nimewahi kuwa na watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja, na kuitikia kwa pamoja ndiko kulikoniwezesha kumaliza kipindi. Hata hivyo nilibadili jambo moja: nikishauliza swali, nahesabu moyoni hadi tano kabla ya kumtaja mtoto kwa jina, na akikwama simruki. Kimya kile kilinitisha mwanzoni, maana mkaguzi akipita dirishani angedhani nimesahau somo. Kulikuwa na binti wa dawati la nyuma ambaye hakuwahi kunyoosha kidole. Nilimwekea vizibo vitano vya soda, nikamwuliza vitabaki vingapi tukiondoa viwili; akavisogeza kimoja kimoja, akasema "vitatu" kwa sauti ndogo hata nikalazimika kumsoma midomo. Siku hizi yeye ndiye anayenikumbusha kwamba vizibo vimebaki ofisini.

Bibi wa wajukuu sita: Mjukuu wangu aliumwa tumbo kila siku yenye hesabu, tukampeleka zahanati mara mbili, wala hakuonekana na ugonjwa. Kumbe mwalimu alikuwa na desturi ya kuwaambia wenzake wamzomee aliyekosa. Mjukuu alipohamishiwa mkondo mwingine, tumbo likapona bila dawa.

Mleta mada: Mwalimu, nashukuru, lakini unapohesabu moyoni hadi tano unawazuiaje wale wepesi wanaoropoka jibu?

Mwalimu wa KKK: Hao nimewapa kazi ya kugawa na kukusanya vizibo, na anayeropoka anampokeza mwenzake kopo la vizibo hadi kesho. Wanalipenda kopo lile kuliko jibu.