Matumbawe magumu juu, mchanga chini: mnakadiriaje kutitia?

Wahandisi wenzangu, naomba ushauri. Kiwanja kiko Nyali, Mombasa, jengo la ghorofa 6, msingi wa rafti (bamba moja la zege chini ya jengo zima). Kasi ya mawimbi ya mkato (yanayotikisa udongo kiupande) imepimwa kwa jiofoni, yaani vihisi vya mtikisiko wa ardhi, 24 za hezi 4.5, kila mita 2, kwa kugonga ardhi na nyundo ya kilo 8. Matumbawe, unene mita 4, yametoa mita 620 kwa sekunde. Mchanga ulio chini yake 210 tu. (Upimaji wa rifrakshoni, unaotegemea mawimbi yanayopinda na kurudi juu, usingeuona mchanga huo: wimbi likiingia tabaka la polepole halipindi kurudi juu.)

Kwa msongamano wa kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, G (ugumu dhidi ya mkato) ya mchanga ni kama MPa (megapaskali) 79, lakini hiyo ni ya mtikisiko mdogo mno, si ya mzigo wa jengo. Kukadiria kutitia, mnaipunguza hadi asilimia ngapi? Na mapango madogo ndani ya matumbawe, ambayo jiofoni hizi haziyaoni, mnatoboa kila penye nguzo?