Nimepanda Kilimanjaro mara mbili, je, niende Manaslu?

BintiKigamboni
Habari za jioni wakuu. Mimi ni muuguzi, naishi Kigamboni, nina miaka 36. Kilimanjaro nimepanda kwa njia ya Marangu, na mwaka jana kwa njia ya Lemosho, safari zote mbili nikafika kileleni Uhuru. Miaka minne sasa naweka akiba ya kwenda Himalaya. Kampuni moja ya Kathmandu imenipa bei ya Manaslu, mlima wa Nepal, msimu wa Septemba, nafuu kuliko wote niliowauliza. Wanasema aliyefika mita 5,895 anaweza, Masherpa, wenyeji wanaoongoza wapandaji, watafunga kamba mpaka juu, kazi yangu ni kutembea tu. Nikitoka zamu ya usiku napanda ngazi za jengo la ghorofa kumi na mbili na begi la kilo 15, Jumapili nakwenda Pugu. Mama bado sijamwambia. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kwenda, asinitishe wala asinipambe.

Mzaramo_Tabata
Dada hongera. Mtanzania Wilfred Moshi alifika kilele cha Everest mwaka 2012, kwa hiyo isikukatishe tamaa kwamba sisi ni watu wa joto. Ila kumbuka yeye mlima ulikuwa ndiyo kazi yake.

MgumuMstaafu
Dada, pole na zamu. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka sita, nikaongoza wageni miaka tisa, sasa nipo Mbezi. Manaslu nilikwenda 2019, nililipiwa na mgeni wangu wa zamani. Kileleni sikufika.

Hiyo kauli ya "kutembea tu" ndiyo inayonisumbua. Kilimanjaro ni siku tano mpaka nane hivi, umepanda, umeshuka, umerudi nyumbani. Manaslu ni mita 8,163, na unakaa kule zaidi ya mwezi. Kambi ya chini yenyewe iko juu kuliko pale kambi ya Barafu tunapolala kabla ya kwenda Uhuru. Kambi ya pili imeshaipita Uhuru. Unapanda, unalala, unashuka, unapanda tena, halafu theluji inanyesha siku tano mfululizo uko ndani ya hema. Uhuru hewa ni kama nusu ya hii ya Coco Beach. Ukivuka 8,000 ni theluthi.

Kati ya kambi ya kwanza na ya pili barafu imepasuka nyufa ndefu, na kuna kuta unazopanda kwa jumari, kile kishikio kinachong'ata kamba kisirudi chini. Kila kamba inapofungwa kwenye barafu unahamisha karabina zako, zile pete za chuma zinazokufunga kwenye kamba, moja kwanza, kisha nyingine, ukiwa na glavu nene na usingizi kichwani. Mimi kramponi, meno ya chuma ya kufunga chini ya buti, nilizivaa mara ya kwanza kambi ya chini. Mtu wa miaka kumi na tano mlimani! Nilikuwa nawachelewesha watu nyuma yangu kwenye baridi, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kampuni niliyokwenda nayo iliniahidi chupa tatu za oksijeni, nikakuta mbili. Iliniahidi Sherpa wangu, nikakuta tuko wateja watatu kwa mmoja. Piga hesabu mwenyewe: chupa ya lita 4 iliyojazwa kwa bari 300 ina lita 1,200 za oksijeni. Ukivuta lita 2 kwa dakika ni saa kumi basi. Foleni kwenye kamba ikikukwamisha saa tatu, zinatoka humo humo.

Usiku, kambi ya tatu, nikaanza kukohoa. Yule Sherpa aliweka sikio mgongoni kwangu, akasikiliza, akaniambia vaa buti, tunashuka. Saa nane za usiku. Wewe muuguzi unajua maji kwenye mapafu ni nini. Wateja wake wawili aliwaacha na mwenzake, akanishusha mimi. Nipo hai kwa ajili yake.

Waulize hivi, kwa maandishi: Sherpa mmoja kwa wateja wangapi, chupa ngapi kwangu na ngapi kwake, bima yake inalipa kiasi gani akifa, na nani ana amri ya kunigeuza nirudi chini. Uliza pia mahema ya kambi ya tatu wanayaweka wapi. Septemba 2012 maporomoko ya theluji yaliwakuta watu pale wamelala, kabla ya alfajiri, wakafa 11.

Ushauri wangu: anza na mlima Mera, wa huko huko Nepal, mita 6,476, na kabla yake ulipie siku kadhaa za kufundishwa kamba. Baadaye mlima Himlung, mita 7,126. Manaslu ije baada ya hapo.

BintiKigamboni
Asante sana kaka. Niliwaandikia usiku uleule. Wamejibu: Sherpa mmoja kwa wateja wawili, chupa mbili. La bima na la nani wa kunigeuza wameyapita kimya, wakaniongezea punguzo nikilipa kabla ya Ijumaa. Sitalipa. Naomba kuuliza, mazoezi ya karabina nitayafanyaje hapa Dar bila barafu?

MgumuMstaafu
Tafuta glavu nene za wanaoingia vyumba vya baridi vya samaki, ulizia Feri. Funga kamba kwenye reli ya hizo ngazi zako, mafundo kila hatua nne. Panda umefumba macho, ukihamisha karabina kwa kupapasa, na ufanye hivyo ukitoka zamu, ukiwa umechoka. Jumapili nitakuwa Pugu asubuhi na jumari yangu. Njoo na mama, nimwelezee mwenyewe.

BintiKigamboni
Nitakuja naye. Nitamwambia Jumamosi.