Wazazi wa Shule ya Usharika

JUMATATU

Mama Upendo, saa 1:10 asubuhi
Wapendwa wazazi, Bwana Yesu asifiwe. Ninawakumbusha tena kwamba tunatakiwa kukutana Ijumaa, kabla Baraza la Wazee wa usharika halijakaa kupanga ada ya mwakani. Mwalimu wa Hisabati aliondoka mara tu majina ya ajira za serikali yalipotoka, na tangu siku hiyo darasa la nne linashikwa na mwalimu wa chekechea anayewaachia wadogo wake kazi ya kupaka rangi ili akimbilie kwa wakubwa. Upimaji wa Kitaifa wa darasa hilo la nne umekaribia. Naomba kila mmoja aandike jina lake hapa chini.
1. Mama Upendo

Mama Upendo, saa 5:40 asubuhi
Ninaona wengi mmeusoma ujumbe, lakini orodha bado ina jina langu peke yangu.

Baba Jonas, saa 6:15 mchana
Mimi nipo pamoja nawe, Mama Upendo, ila ningependa kujua kama kutakuwa na makande, au tutashinda na njaa kama watoto siku ile mpishi alipokwenda msibani.

Mama Upendo, saa 6:17 mchana
Baba Jonas, tafadhali, jambo hili ni zito.

Baba Naomi, saa 7:02 mchana
Salamu kutoka Dar es Salaam. Ninalipa ada ya mtoto wa dada yangu hapo, kwa hiyo naomba nami nisikilizwe. Mbona matokeo ya darasa la saba yalikuwa mazuri? Wote walipata A na B. Shule ya serikali ya hapo bondeni, ambayo haitozi ada, haijawahi kufika huko.

Mama Upendo, saa 7:20 mchana
Baba Naomi, heshima kwako, lakini wewe huwaoni walioondolewa njiani. Anayesuasua hukaririshwa darasa, au mzazi huitwa ofisini na kushauriwa kwa upole ampeleke mtoto bondeni kabla majina hayajasajiliwa kwa ajili ya mtihani. Wanaobaki ni wachache, nao ni wale ambao wangefaulu hata kama wangefundishwa chini ya mwembe. A hizo zinatueleza nani alibakizwa. Hazitwambii nani alifundishwa. Tena kumbukeni kwamba kwa mtaala ulioanza Januari 2024 elimu ya msingi ni miaka sita, na watoto hawa walioupokea wakiwa darasa la tatu watahitimu darasa la sita mwaka 2027. Hawatakuwa na darasa la saba la kufidia walichokosa mwaka huu.

Mama Eliya, saa 8:05 mchana
Kabla hatujafika kwenye mchango mwingine, sisi wa kitongoji cha juu tunaomba kwanza kuambiwa habari za mabati.

Mhasibu, saa 8:09 mchana
Mama Eliya, suala la mabati lilifungwa.

Mama Eliya, saa 8:10 mchana
Lilifungwa na nani? Mimi nilikuwepo siku yanashushwa kwenye lori, na niliyahesabu kwa macho yangu.

Baba Jonas, saa 8:14 mchana
Mabati hayo yangekuwa mtoto, sasa yangekuwa sekondari.

Mama Upendo, saa 8:15 mchana
Sijataja mchango popote. Nimeomba majina tu. Jamani, hata wawili?

Babu, Mzee wa Kanisa, saa 12:30 jioni
Wanangu, nawasalimu. Mimi nilisoma katika shule ya misheni kabla serikali haijazichukua shule za madhehebu kwa sheria ya mwaka 1969, na milango ilipofunguliwa tena kwa sheria ya mwaka 1995, nilikuwa miongoni mwa waliopasua mawe ya msingi wa shule hii. Jumamosi nilimwita mjukuu wangu wa darasa la tatu anisomee kitabu chake cha Kiingereza. Alisoma kwa sauti nzuri, hata bibi yake akatoka jikoni kumsikiliza. Nikageuza ukurasa kabla hajamaliza, naye akaendelea na ukurasa uliopita, huku macho yake yakiwa juu ya maneno mengine kabisa, wala hakukosea hata neno moja. Kisha nikampa Biblia ya Kiswahili, nasi tukakaa kwenye neno «wakamwendea» mpaka chai ikapoa. Mwalimu anayengoja mshahara miezi mitatu akifuata ajira ya serikali, mimi simlaumu, na katika Baraza nimelisema hilo nikiwa peke yangu. Msije Ijumaa kuzungumza. Njooni darasani, mketi nyuma, muwasikilize watoto wakisoma. Baada ya hapo ndipo mtuletee Baraza maneno yenu.

JUMANNE

Mama Eliya, saa 12:50 asubuhi
Babu, shikamoo. Tumekusikia. Nitakwenda darasani, lakini Ijumaa ni siku ya gulio, na tangawizi yangu imekwisha kuchimbwa.
2. Mama Eliya

Baba Naomi, saa 2:30 asubuhi
Shikamoo Babu. Nimeisoma habari ya mjukuu wako mara mbili. Hata hivyo, mzazi hawezi kujiingilia tu darasani. Mwalimu mkuu aombwe kwa barua, na Mchungaji apewe nakala, tusije tukaonekana tumefanya uasi.

Mama Upendo, saa 2:34 asubuhi
Barua nitaiandika leo, nawe utaisoma kabla haijatumwa. Sitaki tuhesabu madirisha wala viti. Kila mzazi achukue watoto wawili, awape ukurasa ambao hawajawahi kuuona, kisha awape hesabu moja ya kugawanya wasiyoikuta ubaoni. Kama gulio ni kikwazo, twende Jumatano ijayo.

Baba Jonas, saa 3:05 asubuhi
3. Baba Jonas. Ila lile dawati la darasa la kwanza nikilikalia, mtanitoa kwa jeki.

Mhasibu, saa 10:20 jioni
Mishahara hiyo inayochelewa hutokana na ada, na tukifungua daftari hapa itaonekana kwamba ada isiyolipwa ni ya baadhi ya wanaolalamika. Sitaji mtu.

Mama Eliya, saa 10:22 jioni
Litaje jina lake.

Babu, Mzee wa Kanisa, saa 10:40 jioni
Daftari liletwe kwenye Baraza, si hapa.

Mama Upendo, saa 1:15 usiku
Basi ni Jumatano? Wengine mbona kimya?

Mhasibu, saa 3:48 usiku
Jumatano nina zamu zahanati. Niandikeni Ijumaa asubuhi, kabla gulio halijachangamka.