Tupeane uzoefu: kiongozi aliyekutumikia mpaka ukamfuata

Mwanzisha mada (Ipagala)
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kila uchaguzi wa wazee wa kanisa unapokaribia, nasikia watu wakitajwa kwa gari, elimu na ufasaha wa kuongea. Sisikii mtu akiulizwa amemtumikia nani. Wana wa Zebedayo walipoomba viti vya kuume na kushoto, Yesu aliwaambia anayetaka kuwa wa kwanza awe mtumwa wa wote (Marko 10). Mimi naamini alimaanisha kazi za mikono, za kila siku. Je, nani alikuongoza kwa kukutumikia? Majina tuyaache.

Binti wa Bahi
Ni mwenyekiti wetu wa akina mama kijijini. Kiangazi kikikaza, maji tunayapata kwa kufukua mchanga korongoni. Unachota kwa kikombe, unasubiri yajichuje, unachota tena. Ndoo moja inakula muda! Yeye alifika alfajiri akapanga foleni: wajawazito na bibi zetu mbele, ndoo yake nyuma kabisa. Wapo waliomsogezea mbele kwa heshima, akairudisha. Ugomvi ukizuka pale kisimani neno lake moja lilitosha, maana hakuna aliyeweza kumwambia anajipendelea. Sasa naongoza kikundi mimi, na ndipo naelewa alichokuwa anabeba. Kukaa mwisho wa foleni huku mtoto anakusubiri nyumbani na njaa si mchezo.

Mhazini mstaafu, Mpwapwa
Huduma nyingine ni ya kalamu. Sadaka ya mavuno kwetu ni uwele, karanga, alizeti na kuku, na baada ya ibada tunanadi. Wanunuzi wengine huchukua kwa ahadi, na hapo ndipo fedha ya Mungu hupotelea. Mchungaji mmoja tuliyekuwa naye alisoma daftari lote mbele ya washarika Jumapili iliyofuata, debe kwa debe, na wadaiwa kwa majina. Akafika mahali akasoma, "Kuku wawili, mchungaji, hajalipa." Akaendelea na mstari unaofuata kwa sauti ileile. Mwaka huo michango ya bati ilikuja bila kusukumana.

Muuguzi wa zamu
Kwangu ni matroni wa hospitali ya misheni nilikoanzia kazi. Mgonjwa asiye na ndugu alimwogesha yeye mwenyewe, sisi wadogo tukishika beseni. Hakutuhubiria.

Kijana wa kwaya, Chang'ombe
Shikamooni. Naomba kutofautiana kidogo. Mzee wetu mmoja alifanya kila kitu: kufungua kanisa, kufagia, kupanga mabenchi, kuwasha jenereta. Tulimpenda sana. Alipohamia kwa mwanawe, Jumapili ya kwanza tulisimama nje, na tulipoingia hakuna aliyejua kuwasha jenereta. Hiyo nayo ni huduma?

Mwanzisha mada (Ipagala)
Marahaba mwanangu, umegusa penyewe. Ni huduma, ila nusu yake haikufanyika. Katika Matendo 6 wajane waliposahauliwa kwenye huduma ya kila siku, mitume hawakukimbilia mezani wenyewe. Waliomba kanisa lichague watu 7, wakawawekea mikono, wakawaachia kazi. Hata hapa kwetu, Dayosisi ya Central Tanganyika ilianza mwaka 1927 chini ya askofu mmisionari, na mwaka 1955 Yohana Omari akawekwa wakfu, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Anglikana Tanganyika. Anayetumika kwa upendo hujiuliza mapema nani atashika baada yake. Ninyi mlifanyaje?

Kijana wa kwaya, Chang'ombe
Tuliweka zamu, ufunguo unakaa kwa kijana mmoja mwezi mzima. Wa kwanza aliupoteza, na watu wakataka anyang'anywe zamu. Mzee wa sasa alikwenda kuchonga mwingine kwa fedha yake, akampa yuleyule amalizie mwezi wake.