Nyenje, mabuu ya unga au mende wa dubia: kipi kinatunzika nyumbani kwa ajili ya mjusi?

MamaTwalib
Wadau habari za jioni. Mwanangu wa miaka 11 kaachiwa mjusi na rafiki yake aliyehama, pamoja na sanduku la kioo na taa yake. Tuko Birmingham, ghorofa ya tatu. Jumamosi naenda kumnunulia chakula, na muuzaji kanitajia vitatu: nyenje, mabuu ya unga, mende wa dubia. Kipi hakina usumbufu ndani ya nyumba? Waliofuga naomba mnisaidie.

Mkwawa77
Dada, mjusi gani? Mkubwa kiasi gani? Joto ndani ya sanduku ni nyuzi ngapi? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

PwaniYetu
Mjusi awe yeyote, chukua mabuu ya unga. Huu mwaka wa nne nayatunza. Kontena la plastiki lenye matundu kwenye kifuniko, pumba za ngano kimo cha vidole viwili, linakaa friji sehemu isiyo baridi sana, nyuzi 8 hivi. Humo yanasinzia tu, hayakimbilii kuwa mbawakavu. Kila Jumapili nayatoa, nayawekea vipande vya karoti, yakishakula siku nzima nayarudisha. Hayanuki, hayalii, hayarukiruki.

Mkwawa77
Ongeza na hili, mkuu: yale makubwa meusi ncha zote mbili, zophobas, usiyatie friji kabisa. Yanakufa. Wengi wanayachanganya na haya ya unga.

MamaTwalib
Samahani nilisahau. Mwanangu anasema ni lepadi geko. Wa manjano, madoadoa meusi, mkia mnene, sentimita 20 kutoka pua mpaka mkia. Umri hatuujui. Hajala tangu juzi.

BintiMrima
Dada yangu, nyenje waogope. Nakuambia yaliyonipata.

Niliagiza nyenje 500 kwa posta kwa sababu wengi ni bei nafuu. Nikawamimina kwenye ndoo, nikaweka bakuli la maji na majani ya saladi, nikafunga kifuniko nisije nikasumbuliwa. Asubuhi nilipofungua, harufu ilinipiga machoni kama mkojo uliolala. Kifuniko kinachuruzika maji kwa ndani, nusu wamekufa, wazima wanawala wafu. Nilipowahamisha wakanitoroka kama ishirini, wakaingia nyuma ya jiko. Madume yakishaota mbawa ndiyo hulia, na yalilia wiki mbili.

Hilo nalo si kitu. Usiku mmoja nilikuwa nawahi zamu, nikamwagia geko wangu nyenje kama thelathini nikaondoka. Alikula wachache akashiba. Waliobaki walikuwa na njaa, wakamgeukia yeye. Nimerudi alfajiri namkuta kajikunja pembeni, vidole viwili vya mguu wa nyuma vimetafunwa, damu imeganda kwenye karatasi. Daktari wa wanyama aliviosha na kunipa dawa ya kupaka. Amepona, lakini kidole kimoja hakipo hadi leo, na kila nikikiona naumia.

Kwa hiyo ukichukua nyenje: sanduku lenye wavu juu hewa ipite, trei za mayai wajifiche, kipande cha karoti badala ya bakuli la maji. Mpe mmoja mmoja kwa kibano, walioachwa uwatoe. Na asiwe mkubwa kuliko nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi.

Mfugaji_Reading
Pole sana Binti. Ndiyo maana mimi ni dubia tu. Hapandi plastiki laini, halii, anaishi zaidi ya mwaka, na jike anazaa watoto hai. Nilianza na ishirini, sasa sinunui tena.

MamaTwalib
Mende lakini jamani. Mama mkwe anakuja kutoka Tanga mwezi ujao. Nitamweleza nini?

Mfugaji_Reading
Mwambie si yule wa chooni. Anataka joto karibu nyuzi 30 ndipo azaane. Akitoroka kwenye nyumba ya baridi hajai kabatini.

PwaniYetu
Mende ni mende. Hakuna mama mkwe wa kuelewa hilo.

KukuDodoma
Huku tunafuga mabuu ya nzi askari weusi kwa ajili ya kuku. Yana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wote mliowataja. Kwa nini hamyafikirii?

Mkwawa77
Huyo kasema la maana. Nyenje, mabuu ya unga, dubia, wote kalsiamu yao ni haba. Mdudu alishwe mboga na pumba siku nzima kabla ya kutolewa, halafu apakwe unga wa kalsiamu. Mjusi anayekosa hiyo mifupa inalainika, taya linapinda. MamaTwalib, unga huo upo? Na joto bado hujasema.

MwanaMuleba
Kwetu Kagera mtu angempa senene akamaliza mjadala.

BintiMrima
Senene apewe mjusi? Wakati hapa Uingereza nikitumiwa kikopo kimoja nahesabu?

MwanaMuleba
Nazungumzia wabichi wa msimu, Novemba. Wanajaa kwenye taa kila mahali.

Mkwawa77
Wa kuokota nje hapana, hasa huko mjini. Hujui wamepita kwenye dawa gani.

MwanaMuleba
Senene wa Muleba hawana dawa, kaka. Tumekula tangu mababu.

MamaTwalib
Nimepima. Sakafuni chini ya taa ni nyuzi 24. Unga wa kalsiamu haupo.

Mkwawa77
Basi ndiyo sababu hali. Upande wa joto sakafu ifike 32, bila hivyo tumbo lake halisagi chakula. Jumamosi anza na mkeka wa joto wenye kidhibiti joto, na kalsiamu. Mdudu yeyote kati ya hao atasubiri.

PwaniYetu
Na ukifika hapo, mabuu ya unga.

Mfugaji_Reading
Dubia.

BintiMrima
MwanaMuleba, hao senene wabichi mnawatoa mbawa kwanza au mnawakaanga nazo?